Nilivyomtafsiria Baba Mkwe Filamu ya Wauza Magari

Jumatatu, saa nne asubuhi. Ukungu bado umekalia yadi, magari ya kule nyuma siyaoni, na baridi ya Mbinga leo imeamua kutukomoa. Mteja hajaja hata mmoja. Siku nyingine ningelalamika. Leo nashukuru, maana sijui kama ningeweza kumtazama mtu usoni nikamwambia "gari hili liko vizuri".

Shajara yangu, nimefanya jambo. Nililifanya wiki tatu zilizopita, ila limenikamata jana, tena limenikamata nimekaa kwenye mkeka wa mama mkwe wangu, naangalia filamu chafu, Jumapili, Kwaresima.

Ngoja nianze vizuri.

Kwa wewe msomaji uliyepita hapa mtandaoni kwa mara ya kwanza: mimi ni Skola, Mmatengo, mama wa watoto wawili, nauza magari yaliyotumika kwenye yadi moja hapa mjini. Yadi si yangu, ni ya bosi. Mimi ni mdomo tu. Huu ni mwaka wa saba, na wanaume wa yadi nyingine wananiita Mama Funguo, kwa sababu mteja akishapokea funguo kutoka mkononi mwangu harudishi. Jina hilo nilikuwa nalipenda, sitaficha.

Nimeolewa ziwani, Lipingo, kwa watu wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Wao Waanglikana, mimi Mkatoliki wa milimani, lakini walinipokea bila maneno mengi. Mama mkwe alinifundisha kuanika usipa bila kuuvunja, na baba mkwe hajawahi kuniita jina langu bila kuongeza "mkwe wangu" mbele au nyuma. Nimewahi kusikia wanawake wenzangu wakisimulia habari za wakwe zao nikakaa kimya, kwa kuwa sikuwa na la kulalamikia.

Sasa kuna tofauti moja kati ya watu wetu, na kila kitu kinatoka hapo. Mtu wa kwetu milimani, wa Mkumbi au wa Kitura, akija kununua gari ana swali moja tu: linapanda? Kwao ni kilima juu ya kilima. Shamba la kahawa liko juu, nyumba iko juu, kanisa liko juu zaidi. Bei hamuongei mpaka umempakia na ndugu zake wanne ukawapandisha kile kilima cha nyuma ya soko. Mtu wa ziwani hana habari na kupanda. Yeye akifikiria gari anafikiria safari ya kushuka kwenda kwao, zile kona, lile korongo pembeni, na dereva aliyewahi kumtoa jasho siku moja. Kwa hiyo anauliza breki. Anachungulia matairi, anauliza breki. Anakunywa chai, anauliza breki tena. Ukimshusha nalo mteremko mmoja likasimama pale anapotaka, kazi imekwisha.

Sisi wauzaji tunalijua hilo. Gari ambalo injini imechoka, ambalo likiona mlima linahema, hatumwonyeshi mtu wa Mkumbi. Tunaliweka pembeni tunamsubiria mtu wa ziwani.

Hakuna anayelisema kwa sauti.

Wiki tatu zilizopita akaja baba mdogo Yohana. Huyu ni mdogo wake baba mkwe wangu, kwa hiyo naye kwangu ni mkwe, na shikamoo yake naitoa nimepiga goti. Alikuwa anatafuta kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mpango wake ulikuwa wa akili sana: Kwaresima hii watu wa Mbinga wameacha nyama, wanataka usipa, basi yeye anunue kwa wavuvi, aanike, apande nao mwenyewe badala ya kuwaachia wachuuzi wenye malori. Aliniambia hajapita yadi nyingine hata moja. Ametoka stendi moja kwa moja mpaka kwangu, kwa sababu "kwa mtoto wangu nitafumba macho".

Tulikuwa na kirikuu kimoja. Cheupe, kimepigwa rangi, kinang'aa. Na wiki ile ile Fundi Deo, fundi wetu wa yadi, alikuwa ameniambia: dada Skola, hicho pistoni zimekwisha, kinakula oili, tambarare kitaenda bila shida, lakini ukikibebesha mzigo mlimani kitakata. Bosi naye kila asubuhi ananiuliza kirikuu kinaondoka lini.

Baba mdogo akauliza breki. Nikamwambia, baba, breki ni mpya, tumefunga juzi. Ilikuwa kweli tupu. Akauliza tena. Nikampakia, nikamshusha mteremko wa kwenda mtoni, nikakanyaga, kikasimama palepale. Akacheka kwa furaha mpaka akafuta machozi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema Mungu aniongezee.

Hakuuliza kingine. Na mimi sikusema kingine.

Sikudanganya hata neno moja. Hilo nililirudia nikimwandikia karatasi za mauzo, nikalirudia nikipika jioni, na nimelirudia kila siku kwa wiki tatu. Mtu asiyekuwa na kosa hajisemeshi hivyo, lakini hilo nimeliona jana tu.

Kirikuu kilishuka Lipingo salama kwa sababu njia nzima ni kushuka. Kule ufukweni kunako tambarare kikaendelea vizuri, kinabeba mihogo, kinabeba mchanga, kinabeba maharusi. Hakijakutana na mlima. Baba mdogo alikuwa anangoja magunia yatimie ndipo apande nacho kuja huku.

Jumamosi nikashuka. Mume wangu alikuwa zamu hospitali, watoto nikawaacha kwa dada yangu. Nilimwambia mume wangu naenda kusalimia wazee. Uongo. Nilikuwa naenda kuangalia kama wameshagundua.

Kitu cha kwanza nilichokiona nilipofika ni kirikuu chenyewe, kimeegeshwa mbele ya nyumba ya baba mkwe, kimeoshwa, na nyuma kimeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: MKWE MWEMA.

Jamani.

Nilitamani basi lirudi linichukue. Baba mdogo alitoka mbio, akanizungusha kigari chote kama vile mimi ndiye mnunuzi. Akasema mwandishi wa maandishi yale amemtoa Mbamba Bay, hakutaka yule wa hapa kijijini kwa kuwa anakosea herufi. Akasema Jumatano hii ndiyo safari ya kwanza kupanda. Magunia kumi na mawili ya usipa, mama mdogo, mke wake, atakaa mbele, na akina mama wawili wa kanisani watapanda juu ya mzigo, wanakuja Mbinga kumwona mgonjwa wao.

Nikasema hongera baba. Nikaingia ndani kumsalimia mama mkwe.

Jana Jumapili tukaenda kanisani, tukarudi, tukala ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, mbasa, wa mchuzi. Tulipomaliza tu kula mvua ikashuka, ile ya ziwani ambayo huwezi hata kukimbilia jikoni. Hivyo wote tukabaki sebuleni: baba mkwe kwenye kiti chake, baba mdogo na mama mdogo kwenye benchi, mimi na mama mkwe chini kwenye mkeka. Na shemeji yangu Shedrack, mdogo wa mume wangu, mwalimu wa sekondari, akatoa flashi mfukoni kwa mbwembwe.

"Shemeji, nimekuletea filamu ya kazi yako. Ya wauza magari, kama nyie!"

Wazee wakafurahi. Kazi yangu hawajawahi kuielewa vizuri. Mwanamke kuuza magari kwao ni habari kubwa, na wanaringa nayo. Shedrack akachomeka flashi kwenye televisheni ya sola. Baadaye aliapa kwamba alikuwa ameona dakika mbili tu za mwanzo, magari yamepangwa na bendera zinapepea, akadhani ni filamu ya maana. Namwamini. Shedrack ana makosa mengi ila kupanga ubaya hawezi.

Filamu ilikuwa ya Kiingereza. Baba mkwe akasema, "Skola, mkwe wangu, hii ni kazi yako. Tutafsirie."

Bendera zikapepea. Kisha akatoka bosi wa yadi ile, mzungu mnene, amevaa shati, tai na chupi. Suruali hana. Akaanza kuwafokea wafanyakazi wake, na katika kila maneno matatu, mawili ni matusi ya nguoni. Sebule nzima ikanigeukia.

"Anawasalimia," nikasema. "Anasema tuanze kazi kwa sala."

"Mbona hajavaa?" akauliza mama mkwe.

"Kwao joto sana, mama."

Utauliza kwa nini hatukuzima. Kwanza, rimoti ilikuwa mapajani mwa baba mkwe, na hakuna mtoto wa mtu atakayepeleka mkono pale. Pili, anayeinuka kuzima amekiri mbele ya wazee kwamba ameelewa. Shedrack ameelewa, mimi nimeelewa, na kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake. Tukaganda.

Akaja mwanamke muuzaji, mwenzangu huyo, amevaa kitu kidogo kuliko leso ya mkononi. Akajilaza juu ya boneti mbele ya mteja na kuanza kujinyonganyonga. Nikasema anamwonyesha mteja kwamba bodi ni imara, haibonyei. Mama mdogo akanikazia macho, akauliza kama na mimi huwa nafanya vile. Nikamwambia hapana mama, kwetu Mbinga baridi.

Halafu likaja gari la mizigo, milango imefungwa, limeegeshwa nyuma ya yadi. Linatikisika. Linatikisika vibaya, matairi yanakaribia kuinuka, na ndani ni yule muuzaji kijana pamoja na mke wa mteja. Sauti zinatoka. Baba mkwe akakohoa akajifunika mdomo kwa kitambaa kabla sijasema lolote. Nilidhani ni mafua.

"Wanafanya nini humo?" mama mkwe akauliza.

"Wanajaribu shokapu, mama."

Baba mdogo Yohana akasogea mbele kwenye benchi. Mambo ya magari sasa yanamhusu. "Ndiyo zinajaribiwa kwa muda mrefu hivi?"

"Inategemea gari, baba."

"Na hicho changu, mlikijaribu hivi hivi?"

Shedrack akatoka nje kwenye mvua akisema anaenda kufunika kuni. Nikabaki peke yangu. Nikasema ndiyo baba, tulikijaribu, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimeng'ata ukingo wa khanga nisicheke. Kwa dakika kadhaa nilisahau kabisa kilichonipeleka Lipingo. Nilikuwa nawatungia wazee filamu safi yenye wafanyakazi wacha Mungu na shokapu nzuri, na mambo yalikuwa yananyooka. Nilijiona hodari. Ndivyo ninavyojiona yadini pia, mteja akianza kulainika.

Ndipo akaja yule mzee.

Kwenye filamu alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia, amekuja na mkewe kununua gari. Gia boksi la gari lile limekufa, linapiga kelele, kwa hiyo yule kijana anafungulia muziki kwa nguvu wakati wa majaribio ili isisikike. Mzee anapenda muziki. Anatikisa kichwa. Ananunua. Anawapa wote mkono, yule mwanamke wa boneti anamshika kwa mikono miwili, na anaondoka akipunga kofia dirishani. Gari halijafika hata barabarani, wauzaji wote wameanguka chini kwa kicheko, bosi yule wa chupi anamwonyesha mzee matako kwa nyuma.

Baba mdogo naye alikuwa anacheka, kwa kuwa wenzake kwenye televisheni wanacheka. Kisha akakunja uso. Akauliza, "Wanamcheka nini yule mzee?"

Mvua ilikuwa imepungua, kwa hiyo swali lilisikika vizuri.

Ningeweza kusema chochote. Nilikuwa na mdomo uleule uliosema sala na joto na shokapu. Nikasema, "Wanasema hajui alichonunua."

Kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze, nilikuwa nimetafsiri sawasawa.

"Na yule mama," baba mkwe akauliza polepole, "amesemaje?"

Yule mwanamke wa boneti alikuwa amesema tusi, tena tusi la kipuuzi ambalo siwezi kuliandika hapa. Mimi nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Amesema, kosa si letu. Hakuuliza."

Maneno hayo hayakuwa kwenye filamu. Yalikuwa yangu.

Baba mdogo akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali. "Kweli," akasema. "Kama hakuuliza, kosa lake." Akaendelea kuangalia. Nje ya dirisha nyuma ya kichwa chake nilikuwa naona herufi nyekundu zikichuruzika maji.

Baba mkwe akachukua rimoti akazima. Akasema inatosha, sola iachiwe taa.

Nilipata muda wa kumwambia. Nisijidanganye hapa pia. Baba mdogo alikaa pale karibu saa nzima tukinywa chai, tukabaki wawili tu kwa muda, akanieleza atakavyopanga magunia, na mimi nikamshauri afunge turubai vizuri. Turubai! Mtu anakwenda kukwama mlimani na mke wake, na mimi namshauri habari ya turubai.

Saa kumi baba mkwe akanisindikiza barabarani kungoja basi. Alikuwa na mwavuli, akanibebea kikapu ingawa nilikataa. Halafu akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba ujanani alikuwa karani wa misheni kwa miaka kumi na minne, na barua za askofu alikuwa anazipiga chapa yeye.

Nilijua alikuwa karani. Picha yake ya enzi hizo iko ukutani, amekaa mbele ya taipureta. Sikuwahi kujiuliza barua zile zilikuwa za lugha gani.

"Kwa Kiingereza, baba?"

"Kwa Kiingereza, mkwe wangu."

Shajara, kama kuna mtu anajua shimo la kumeza binadamu mzima, aniambie liko wapi. Miaka kumi na moja nimeolewa kwenye nyumba ile, sijamsikia akitamka neno moja la Kiingereza. Alikuwa ameyasikia yote. Matusi yote, na sala zangu zote. Akaanza kucheka, cheko la chinichini, mabega yanatikisika. Akasema ile ya shokapu nusura imuue, na kwamba kama mama mkwe angegeuka wakati ule angeharibu kila kitu.

Nikacheka na mimi, nikilia kidogo kwa aibu. Nikadhani tumemaliza.

Kisha akasema, "Lakini yule mama hakusema 'hakuuliza'. Nilisikiliza vizuri. Alitoa tusi tu." Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Kwa hiyo najiuliza mkwe wangu umeyatoa wapi."

Basi likatokea. Hakungoja nijibu. Alinipakilia kikapu, ndani yake mama mkwe alikuwa ameweka mbasa wakavu wa watoto, akaniambia nimsalimie mwanawe. Mguu wangu ukiwa tayari kwenye ngazi akaongeza, "Mdogo wangu anapanda Jumatano." Ni hayo tu. Akafungua mwavuli akaondoka.

Njia nzima ya kupanda nilikuwa nahesabu milima ambayo sikuwahi kuihesabu. Hapa kitaanza kuhema. Hapa kitatoa moshi. Hapa, kwenye hii kona, na magunia kumi na mawili na akina mama wawili juu, kitakata, kitaanza kurudi nyuma. Breki zitashika, breki ni mpya. Lakini barabara imelowa, na nyuma kuna malori, na baba mdogo ameendesha maisha yake yote tambarare. Nilipofika Mbinga nikajifunika blanketi bila kula, mume wangu akadhani ni homa.

Nimekuwa nikifikiri tangu jana. Nilitumia saa nzima nikitokwa jasho kuwafichia wazee makalio ya mzungu mmoja. Nilijua kabisa kwamba ile ni aibu, kwamba wakwe hawapaswi kuyaona yale mbele yangu. Siku niliyomshika baba mdogo mkono kwenye yadi hii, nikijua anachokibeba, sikutokwa jasho hata tone. Nilikuwa nimevaa gauni refu na kilemba, nimepiga goti nikasema shikamoo. Adabu zote nilikuwa nazo.

Naogopa, niseme. Naogopa kukosa ile nafasi kwenye mkeka. Naogopa mume wangu ataniangaliaje, maana baba mdogo ndiye aliyemlipia ada baba yake alipougua. Naogopa ukoo mzima wa ziwani kusema tulijua, Wamatengo ndivyo walivyo. Wote waliponipokea sikuwa na cha kuwalipa, na nilipopata nafasi ya kuwafanyia jambo moja jema kwa kazi yangu, nikawafanyia hili.

Mteja anaingia. Nitaendelea.

Saa saba mchana. Alikuwa mtu wa Kitura, ameuliza "linapanda?", nimempandisha, ameondoka kufikiria. Afadhali.

Nimekwenda kwa bosi. Nimemweleza kila kitu, nikamwambia tukirudishe kirikuu, ni mkwe wangu, injini tulijua. Alikuwa anapuliza chai yake. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli akasema, "Kwani aliuliza?"

Nikasikia linavyosikika likitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Nikatoka. Nikaenda nyuma ya yadi ambako mtandao unashika, nikasimama kati ya magari mawili, nikampigia baba mdogo. Simu iliita mara mbili akapokea kwa kelele, nyuma yake nasikia watu wameshaanza kupakia magunia. Shikamoo baba. Marahaba mkwe mwema! Ndivyo anavyoniita siku hizi.

Nikamwambia baba, Jumatano usipande.

Nimemwambia yote, haraka, bila kupumua, nisije nikapata nafasi ya kupamba. Pistoni. Oili. Fundi Deo. Kwamba tambarare kitaenda na mlimani kitakata. Kwamba niliambiwa kabla hajaja. Nilipomaliza, kelele za kupakia bado zinaendelea kwa nyuma.

"Ulijua siku ile ile?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Ukiwa umenishika mkono."

"Ndiyo."

Nikamsikia akiwaambia watu waache kupakia, washushe. Mama mdogo akauliza kuna nini, akamjibu kwa Kinyasa maneno ambayo sikuyashika. Nilikuwa nangoja anitukane. Nilitaka anitukane, ningejua pa kusimama. Badala yake akarudi kwenye simu, na kwa sauti ya mtu anayetaka kumbembeleza mtoto aliyeanguka, akasema:

"Lakini breki ni nzuri, mkwe."

Nikasema, "Breki ni nzuri, baba."

Nililia pale kati ya magari mpaka Fundi Deo akaja kuona kuna nini.

Kesho nashuka. Fundi Deo amekubali, tunabeba pistoni na ringi zake na vifaa vyake, tutafungua injini palepale mbele ya nyumba ya baba mkwe, kila anayepita aone na aulize, na mimi nimjibu. Kazi hiyo ni juu yangu, bosi hahusiki. Ikipona, mimi mwenyewe nitakaa ndani na magunia kumi na mawili nyuma, nitakipandisha mpaka kona ya mwisho, ndipo nimkabidhi funguo upya. Usipa utachelewa siku kadhaa. Kwaresima bado ndefu.

Mume wangu nitamweleza leo akitoka zamu. Baba mkwe sidhani kama ninahitaji kumweleza.

Kitu kimoja tu sijui. Baba mdogo alipokata simu hakusema atafanya nini na yale maandishi ya nyuma. Rangi nyekundu haifutiki kirahisi, lakini mafuta ya taa na tambara vinatosha, na ana jioni nzima. Sitamuuliza. Nikishuka kwenye basi kesho nitazunguka nyuma ya gari, na nitajisomea mwenyewe kilichobaki.